Kicheche na Ngwe Kumi na Sita

Nyie mliokaa, mpo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi yategeni, na pua mzibane, maana ninayoyaleta yana harufu.

Hapo kale, kale sana, mito ilipokuwa bado inajifunza njia, wanyama watatu walilima shamba moja la karanga. Wa kwanza alikuwa Ngiri, mwenye nguvu nyingi na mawazo machache. Wa pili alikuwa Kanga, mwepesi wa kufurahi. Wa tatu alikuwa Nungunungu, mjane mwenye watoto watatu. Na mtoto wa nungunungu, ndugu zangu, huwezi kumpakata ili asahau njaa.

Shamba lilikatwa vipande vinane, ngwe nane za upana mmoja. Wakapatana hivi: ngwe nne ni za kazi ya kulima, ngwe nne ni za kazi ya kupalilia, kila mtu kwa jasho lake. Kwa kulima, Ngiri alipata ngwe moja kati ya nane, Kanga moja kati ya nane, Nungunungu mbili kati ya nane. Kwa kupalilia, Ngiri akapata moja, Kanga mbili, Nungunungu moja.

Siku ya kung'oa ikafika, mawingu yameshatanda mlimani. Karanga zikinyeshewa zingali ardhini, huota upya, ukabaki unatazama majani.

Lakini sheria ya Jumbe Kiboko ilisema hakuna kung'oa mpaka karani wa kijiji ajumlishe mafungu. Na karani alikuwa Kicheche. Kazi hiyo aliipata kirahisi. Siku alipokuja kuiomba barazani, wazee walitaka aondoke upesi, wakampa. Ujira wake ulikuwa baki, yaani chochote kitakachosalia baada ya watu kupata haki zao.

Kicheche mnamjua. Akiinua mkia, hata nzi huaga.

Akaanza na Ngiri. Akachora mchangani: moja juu, mstari, nane chini. Pembeni akachora tena: moja juu, mstari, nane chini. Akainua mkia kidogo, akaimba:

"Juu kwa juu, chini kwa chini,
mwenye swali asogee karibu."

Kisha akasema, "Moja na moja, mbili. Nane na nane, kumi na sita. Bwana Ngiri, una ngwe mbili kati ya kumi na sita."

Akachukua kamba, akalikata shamba upya ngwe kumi na sita, nyembamba kama mkanda. Mbili akampa Ngiri. Zilikuwa sawasawa na ngwe moja ya zamani, lakini Ngiri aliona kumi na sita ni kubwa kuliko nane. Akashukuru kwa sauti ya puani, pua ameibana.

"Asante, karani. Mungu akuzidishie."

Akaja Kanga. Kicheche akachora, akainua mkia, akaimba:

"Juu kwa juu, chini kwa chini,
mwenye swali asogee karibu."

"Moja na mbili, tatu. Nane na nane, kumi na sita. Una ngwe tatu kati ya kumi na sita."

Kanga alikuwa na swali. Ila swali lilitaka asogee, na mama yake alimkataza kumsogelea Kicheche kwa sababu kubwa kuliko harufu, yaani meno. Akajiambia tatu ni nyingi kuliko mbili, akaenda zake akicheza.

Akaja Nungunungu. Wiki ile Nungunungu alikuwa na mafua, pua zote mbili zimeziba. Kicheche akachora, akainua mkia, akaimba:

"Juu kwa juu, chini kwa chini,
mwenye swali asogee karibu."

"Mbili na moja, tatu. Nane na nane, kumi na sita. Mama, una ngwe tatu kati ya kumi na sita."

Nungunungu akasogea karibu. Akaketi ubavuni kwake kabisa. Kicheche akashangaa, maana tangu mama yake mzazi hakuna aliyewahi kumkalia karibu hivyo.

"Karani, nieleweshe. Nilipolima nilikuwa na ngwe mbili."

"Ulikuwa nazo."

"Nikapalilia, nikaongezewa moja."

"Hongera, mama."

"Sasa unanipimia vipande vyembamba vitatu ambavyo ni sawa na ngwe moja na nusu ya zamani. Kumbe nisingepalilia ningekuwa tajiri zaidi."

"Hesabu ni ngumu, mama. Hasa kwa wenye miiba." Kicheche akainua mkia mpaka mwisho.

Nungunungu akapiga chafya, akajifuta. "Na zile zilizobaki?"

"Baki ni ya karani. Ndiyo sheria."

Nungunungu akazihesabu. Zilibaki ngwe nyembamba nane, nusu nzima ya shamba. Akawafikiria wanawe, miiba ikamsimama yote. Kisha akailaza. Kumchoma Kicheche kungempendeza, lakini kusingejaza chungu.

Akaenda moja kwa moja bwawani kwa Jumbe Kiboko. Jumbe alikuwa ndani ya tope, yaonekana masikio na pua tu.

"Shikamoo, Jumbe. Nimekuja kukupongeza. Umepata shamba la pili."

"Marahaba. Shamba lipi?"

"Karani amejumlisha nane na nane, amepata ngwe kumi na sita. Shamba letu ni ngwe nane, hata wewe unalijua. Hizo nane nyingine lazima ziwe mahali fulani."

Jumbe alikuwa akipokea kikapu kimoja cha karanga kwa kila shamba. Masikio yakamsimama.

"Na kikapu changu cha shamba hilo?"

"Muulize karani, Jumbe."

Kiboko akatoka majini. Harufu ya Kicheche haikumtisha. Mtu anayeoga katika kinyesi chake atatishwa na nini? Akafika shambani, akasimama juu ya michoro.

"Karani, nane na nane ni ngapi?"

"Kumi na sita, Jumbe."

"Nane za kwanza nimezikanyaga. Nane za pili ziko wapi?"

"Ni hesabu tu, Jumbe."

"Mimi sili hesabu. Umenificha shamba."

Nungunungu akasema, "Karani ana njia mbili. Atuoneshe shamba alilolificha, na anayemficha Jumbe shamba adhabu yake ni kukaliwa na Jumbe. Au aseme mbele ya watu kwamba shamba ni lile lile."

Kicheche akayatazama makalio ya Jumbe. Akayatazama kwa muda mrefu.

"Shamba ni lile lile," akasema polepole. "Halikui kwa kuandikwa mara mbili. Namba ya chini huachwa ilivyo, kwani inasema tu shamba lina vipande vingapi. Hujumlishwa za juu peke yake."

"Basi jumlisha."

Akajumlisha. Ngiri mbili kati ya nane. Kanga tatu kati ya nane. Nungunungu tatu kati ya nane.

"Na baki?"

Kicheche akaukodolea mchanga macho. "Hakuna, Jumbe."

Jumbe akamwamuru azing'oe karanga za ngwe zote nane kabla ya mvua, azibebe mpaka nyumba za wenyewe. Akang'oa, akabeba, hakuimba. Ngiri akataka arudishiwe shukrani zake, akaambiwa hizo zimeshaliwa.

Mvua ilipoanza, chungu cha Nungunungu kilikuwa kinatokota. Wanawe wakala karanga za kuchemsha mpaka wakalala, miiba imelegea.

Nanyi mnaosikiliza, shikeni hili. Ukigawana kitu kimoja na wenzako, hesabu vipande vyako, lakini usikubali mtu akikate kitu upya huku akisema anakuongezea. Wala usiache kuuliza kwa sababu anayejibu ananuka.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwanogea, gawaneni. Isiponoga, nirudishieni nzima.