Korongo wa Bwawa la Mwisho

Ukumbi wa mikutano ulikuwa umefagiliwa ukang'aa. Viti vya mbele vilivikwa vitambaa vyeupe. Vya nyuma, vile vya plastiki, wakaachiwa wananchi. Siku hiyo kamati ingeamua kama korongo waendelee kulindwa na sheria, au ulinzi huo uondolewe ili bwawa lao la mwisho likaushwe na kupandwa miwa.

Mwishoni mwa meza aliketi mtaalamu wa ndege, mwanamke ambaye wenzake kazini walimtania kwa jina la Mama Korongo. Alikuwa amekunja uso, na alikuwa na haki. Wajumbe walikuwa wanne tu: yeye, meneja wa kiwanda cha sukari, wakili wa kiwanda hichohicho, na mwenyekiti, mbunge, ambaye alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake toka nitoke. Fisi wamekabidhiwa bucha, alijisemea.

Mwenyekiti alisimama, akaweka mkono kifuani, akaapa mbele ya umati kwamba yeye hana upande. Akapigiwa makofi.

Meneja akawasha mashine, picha ikajaa ukutani: korongo wamebanana bwawani hata maji hayaonekani.

"Ndugu zangu, hawa ndio mnaambiwa wanakwisha?" aliuliza akicheka. "Si mnawaona wenyewe walivyojaa!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Korongo damu ilimchemka, akasimama bila kuruhusiwa.

"Wamejaa hapo kwa sababu mabwawa mengine mmeyakausha! Nyumba za ukoo zikiungua, watu wote wakasongamana chumba kimoja, utasema ukoo umeongezeka? Hapo wanagombea chakula, mayai yanakanyagwa. Mkilikausha na hilo, hawana pa kwenda."

Kicheko kilikatika. Kwenye viti vya plastiki minong'ono ikaanza. Meneja, alipoona mambo yanamwendea mrama, akaharakisha kuonyesha ramani ya shamba jipya ili watu waone neema inayokuja. Kura haijapigwa, na bwawa lote lilikuwa limekwisha kukatwa vipande!

"Hapa utapita mfereji, hapa tutajenga ghala," alieleza kwa bashasha. "Na hiki kipande kizuri cha kando ya mto ni cha mheshimiwa mwenyekiti."

Wakili alimvuta shati, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

"Mheshimiwa, si umeapa sasa hivi?" mama mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

Mheshimiwa, mkavu wa macho, alikunywa maji, akasema hayo ni mambo ya kitaalamu, kisha akaitisha kura. Mikono mitatu ikainuka. Wa Mama Korongo ulibaki mezani, umekunjwa ngumi.

Jioni mjomba alimfuata nyumbani kwa mama yake. Aliketi, akapokea chai kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mwanangu, umeniaibisha mbele za watu," alisema. "Na kazi hiyo nilikupigia debe mimi. Hasira za nini? Kila mtu huvuta upande wake. Hata wewe umevuta upande wa ndege wako."

"Ndiyo, mjomba, nimevuta! Kiwanda kina meneja, kina wakili, na kina wewe. Korongo wana nani? Hawana mkono wa kuinua. Ndiyo maana watu walitaka mwamuzi, na wewe ukaapa kwamba ndiye!"

"Mtoto huyu hana adabu," mjomba alimgeukia dada yake.

Mama, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumjibu kaka yake, alitua birika. "Adabu anayo, kaka. Alichokosa ni mjomba."

Matingatinga yaliingia bwawani kabla ya wiki kwisha. Korongo waliruka wakazunguka angani mchana kutwa, wakilia, wakitafuta pa kutua wasipaone. Ofisini kwake Mama Korongo aliwasikia, akalia kwa hasira. Ardhi ilipokauka, miwa iliyotangulia kupandwa ilikuwa ile ya kando ya mto, ya yule aliyeapa kwamba hana upande. Ama kweli, mwamba ngozi huvutia kwake.