Kwa Nini Watafutaji Hunyamaza Mkono Unapoinuliwa

Zamani hizo milima ya Upare ilikuwa bado haijaamua ikae wapi. Unalala mlima uko nyuma ya migomba, unaamka umesogea hadi zizini, unakutazama kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Watu wa Kivumo walikwisha kuzoea. Mlima ukisogea, nao wanasogea.

Na enzi hizo, mtu akifukiwa na udongo, alitafutwa kwa kelele. Ngoma zilitolewa, pembe zikapulizwa, akina mama wakapiga mayowe, na asiye na ngoma alibeba chungu akakigonga mpaka kikavunjika. Mapenzi yalipimwa kwa sauti. Aliyetafuta kimya kimya alitazamwa kwa jicho baya: huyu mbona halii, ameficha nini? Hata mwenye mafua alijitahidi kukohoa kwa nguvu asije akashukiwa uchawi.

Bingwa wa kelele hizo alikuwa Senkondo, mpuliza baragumu wa kijiji, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima. Alikuwa ametembea sana, akafika pwani, akafika kwa Wamasai, na kila safari alirudi na hadithi ndefu kuliko njia aliyopita. Akikusalimia, mbuzi wa ng'ambo ya bonde huinua vichwa. Mkewe Namkunda, kinyume chake, alisema kama nyuki aliye ndani ya kibuyu. Watu walisema Senkondo alimposa kwa baragumu kila alfajiri, naye akakubali ili tu yale matangazo yakome.

Asubuhi moja, baada ya mvua isiyojua kuaga, Namkunda alikuwa kwenye kibanda cha jikoni akitwanga mahindi ya makande. Senkondo alikuwa shambani upande wa pili, akimsimulia jirani jinsi alivyomkimbiza simba, au simba alivyomkimbiza yeye, maana hadithi ilikuwa bado haijaamua. Mara mlima ukacheka. Ulianza kucheka tumboni, ukapandisha mabegani, kisha ukajimwaga wote. Senkondo alipogeuka, jiko halikuwepo. Palikuwa na tope, mawe, na migomba iliyolala kifudifudi.

Kijiji kilifika mbio na ngoma zake. Msiwadharau, walikuwa na ujuzi wao. Kijana mmoja, Makange, walimweka juu ya kilima autazame mlima, usije ukarudi kwa awamu ya pili. Wengine walizamisha mianzi mirefu topeni, polepole, wakisikilizia kwa viganja kama ncha imegusa jiwe, mti, au kitu laini. Majembe yaliwekwa kando. Walichimba kwa mikono na vipande vya vibuyu. Lakini tope lilikuwa pana na mianzi ilikuwa michache. Pumzi ya mtu aliye chini ingeisha kabla hawajafika nusu, na hilo Senkondo alilijua vizuri.

Basi akapuliza. Akapuliza baragumu mpaka midomo ikavimba, akalitupa, akaita kwa koo lake mwenyewe: "Namkundaaa!" Bonde likamrudishia jina, ngoma zikalifunika. Akaita tena na tena. Sauti ikaanza kulia kama mlango mkavu, kisha ukabaki upepo mtupu.

Akapiga hatua, akateleza. Akaanguka, shavu likalala topeni, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Senkondo akasikiliza. Kulikuwa na kitu. Mdundo mdogo sana, chini kabisa. Au ilikuwa ngoma ya shemeji yake Mrutu?

Akaruka. "Nyamazeni!" alisema, na hakuna kilichotoka. Akamkimbilia Mrutu, akamshika mkono wenye kijiti cha ngoma.

"Naam, shemeji!" Mrutu alipaza sauti. "Naongeza, naongeza!" Akaongeza kweli.

Senkondo akapanda juu ya jiwe kubwa, akainua mkono, ngumi imefungwa. Na mdomo pia umefungwa.

Wa kwanza kumwona alikuwa Bibi Nakiete, shangazi yake Namkunda. "Jamani, njooni mwone! Senkondo amenyamaza!"

"Senkondo yupi?"

"Huyu huyu wetu!"

"Basi amekufa."

"Maiti gani anasimama juu ya jiwe?"

Mrutu akasahau kupiga. Mayowe yakakatika moja baada ya jingine, mwenye chungu akakikumbatia. Mlima ukitembea walikuwa wameuona mara nyingi. Senkondo akiwa amefunga mdomo, hakuna aliyewahi. Kijiji kizima kikamkodolea macho, kimya.

Na katika kimya hicho ikasikika: ko... ko-ko. Ko... ko-ko.

Kila mwanamke wa Kivumo ana mpigo wake wa mchi, na jirani hujua nani anatwanga bila kuchungulia. Ule ulikuwa wa Namkunda! Tena haukutoka pale walipochimba, bali chini kabisa, karibu na kijito, maana mlima ulikuwa umelibeba jiko na kwenda nalo. Watu wakataka kukimbilia huko kwa vifijo. Mkono ukainuka tena. Wakatulia. Wakasogea kidogo, wakasikiliza, wakasogea tena, mpaka mdundo ukawa chini ya nyayo zao. Wakatumbukiza mwanzi ulio wazi ndani apate hewa, ndipo wakachimba.

Paa lilikuwa limeegemea kinu, likaacha nafasi ya mtu mmoja aliyejikunja. Namkunda akatolewa, tope tupu, macho tu ndiyo meupe.

"Kulikuwa na harusi?" aliuliza. "Nimegonga tangu mlipofika. Mimi nagonga, ninyi mnanijibu kwa baragumu!" Kisha akamtazama mumewe. "Na huyu ana nini? Mbona hasemi?"

"Sauti imemwishia, mwanangu," akasema Bibi Nakiete, akifuta machozi.

"Basi dawa asipewe mpaka kesho."

Akaushika mkono wa Senkondo, ambao ulikuwa bado umesahau kushuka, akaushusha yeye mwenyewe, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Na tangu siku hiyo, watu wanapomtafuta aliyefukiwa, huita mara moja, kisha mmoja huinua ngumi juu na wote wakatulia, hata mwenye kikohozi akakimeza. Siku hizi hata mashine za kuchimba huzimwa. Kwa hiyo ukipita milimani ukaona mkono uko juu, zima pikipiki yako, na hadithi yako iahirishe. Huenda chini ya miguu yako kuna mtu anatwanga.