Kilio cha Mtoto wa Nakijwa

Si kila kilio ni njaa. Mmelisikia neno hilo leo barazani, akiambiwa yule bwana aliyetaka kukata shauri kabla hajauliza, nanyi mkataka kujua lilikotoka. Basi methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare aliishi mama kijana, Nakijwa, aliyekuwa amezika watoto wawili wachanga. Wa tatu alimwita Mbonea. Kila Mbonea alipolala, Nakijwa aliinama kusikiliza pumzi yake. Hofu ilikuwa imefanya makao kifuani mwake.

Mbonea alikuwa na miezi mitatu alipoanza kulia kilio kisichobembelezeka. Alinyonya, akaacha, akalia. Alibebwa, akalia. Alilia mpaka sauti ikakauka.

Mama mkwe, Naetwe, akaingia na bakuli la uji wa mtama.

"Maziwa yako mepesi, mwanangu. Mtoto anakufa njaa tukimtazama."

"Mama, bado mchanga mno huyu. Mkunga alisema nimnyonyeshe tu, asipewe kitu kingine."

"Mkunga ndiye aliyewabeba wale wawili mpaka kaburini? Niliwabeba mimi. Huyu simbebi."

Nakijwa akamtazama mtoto, akawaza. Huenda kweli ni maziwa yake yaliyowaua. Akamkabidhi mama mkwe mtoto.

Naetwe akamlaza magotini, akakinga kiganja mdomoni pake, akamimina uji. Mtoto akameza, akapaliwa. Kilio kikakatika, na kimya kile kikatisha kuliko kilio. Midomo ikaingia weusi, macho yakamtoka.

"Mwanangu!" Nakijwa akamnyakua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Kimya. Akapiga tena. Mara uji ukaruka mdomoni na puani, mtoto akavuta pumzi kwa mkoromo, akalia.

Wanawake wale wawili wakatazamana.

Nguo za mtoto zilikuwa zimelowa uji. Nakijwa akamvua zote, akaanza kumpangusa. Alipogusa kifundo cha mguu, mtoto akaruka na kupiga yowe. Nakijwa akaufunua mkunjo wa nyama. Ndani yake mlikuwa na uzi mweusi wa kinga, umezama, na ngozi imevimba pande zote mbili.

"Mama, nipe wembe."

Naetwe akauleta. Nakijwa akaupenyeza taratibu, akihofia kila pumzi ya mtoto, mpaka uzi ukakatika. Mbonea akashusha kwikwi moja ndefu. Akalitafuta titi, akanyonya kwa utulivu hadi usingizi ukamchukua.

Naetwe aliketi chini. Yeye ndiye aliyeufunga uzi ule siku mtoto alipopewa jina, ili mauti yasimwone.

"Niliufunga ukiwa umelegea," alinong'ona. "Umekazwa na nani?"

"Haukukazwa, mama. Mguu ndio ulionenepa."

Naetwe akayatazama mapaja yale yaliyojaa, kisha bakuli. Mtoto aliyemdhani anakufa njaa alikuwa ameshiba hata uzi ukambana.

"Nilisikia njaa," akasema, "kwa sababu njaa ndiyo niliyokuwa naiogopa."

Tangu siku hiyo, kila alipomwona mtu akikimbilia bakuli mtoto anapolia, Naetwe alimshika mkono: "Mvue nguo kwanza, umtazame. Si kila kilio ni njaa."