Kinazungukia Wapi?

"Kinazungukia wapi?"

Jirani mmoja aliuliza hivyo mbele ya watu, na watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichotuachia maneno mliyoyasikia leo kwa mzee wa kanisa, mlipotaka ratiba ya sikukuu igeuzwe juu chini: Cha nyuma ukikileta mbele, kwanza uliza kinazungukia wapi. Mmekuja kuniuliza imetoka wapi methali hiyo. Haikutoka kitabuni, wanangu. Ilitoka hapa hapa Kwamgota, na ilitoka na damu. Kaeni niwaeleze ilivyoanza.

Wakati huo kampuni ya mkonge ilikuwa imekwisha kuondoka. Ilituachia mashamba yaliyogeuka pori, majengo yasiyo na mabati, na vipande vya reli nyembamba zilizokuwa zikipitisha matoroli ya mkonge. Ilituachia pia trekta moja, na mashine ya kufyekea majani iliyofungwa nyuma yake. Sisi tuliiita fyekeo tu. Ni sinia kubwa la chuma lililofunikwa kama meza, na chini yake visu viwili vinazunguka.

Barabara ya kwenda zahanati, maili tano, ilipita katikati ya pori lile. Kila baada ya masika majani yalisimama kumzidi mtu, na kila mwaka trekta ilikwenda kuifungua. Lakini fyekeo likiwa nyuma, trekta ndiyo inayoingia kwanza. Magurudumu yanalaza majani, dereva haoni anachokanyaga, na visu vinakuja baadaye kukata kilicholala. Ndiyo maana tulikuwa na desturi ya mtangulizi. Mtu mzima mwenye macho mazuri alitembea mbele ya trekta hatua thelathini, mkononi ana kengele ya kufukuza nyoka na kuita watu wapishe, na kwapani ana fimbo zilizomenywa. Akiona kipande cha reli, anachomeka fimbo. Aliyetangulia hakuwa na hofu na fyekeo. Kila mtoto wa Kwamgota alifundishwa hivi: mbele ya trekta ni salama, kaa mbali na nyuma yake.

Mtangulizi wetu alikuwa Mzee Yoeli Mahimbo, na kazi ile aliifanya miaka kumi na tisa. Mkewe, Mama Tabitha, ndiye aliyekuwa na mashine ya kusaga pale njia panda.

Dereva wa trekta aliitwa Mdoe. Mwaka mmoja fimbo moja ililala kwa upepo, na Mdoe akapanda juu ya reli asiyoiona. Trekta ikainama ndani ya mtaro, ikambana mguu toka adhuhuri hadi jua linazama. Aliyemshika mkono muda wote ule ni mdogo wake, Hiza, fundi wa kuchomelea. Mdoe alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikomtisha Hiza kuliko kelele. Mguu ulipona ukiwa mfupi. Hiza akaapa kwamba kaka yake hatakanyaga tena ardhi asiyoiona.

"Fyekeo nitalileta mbele," alisema. "Visu vitangulie, wewe ufuate pakiwa peupe."

Mdoe akamtazama. "Lilizaliwa nyuma hili."

"Hata wewe ulizaliwa bila kuchechemea."

Mdoe akacheka, na Hiza akafurahi, kwa kuwa tangu ajali kaka yake hakuwa mtu wa kucheka.

Alifanya kazi majuma matatu. Alikata reli mbili za matoroli akazichomelea kuwa mikono ya kulibeba fyekeo mbele ya injini. Nguvu ya kuzungusha visu inatoka nyuma ya trekta, na kule mbele hakukuwa na pa kuitoa. Basi akaifunga kwa mnyororo, akaishusha kwenye shafti, chuma kirefu kinachozunguka, alichokipitisha chini ya tumbo la trekta mpaka mbele. Fyekeo lenyewe akaligeuza, ili kifua chake, pale nguvu inapoingilia, kilichozoea kuitazama trekta kiendelee kuitazama. Mdomo wake wa kutolea majani, ambao siku zote ulitazama nyuma, sasa ukatazama mbele. Kazi ilikuwa safi. Hata leo nasema ilikuwa safi.

Siku ya kulijaribu, uwanja wa kanisa ulijaa watu. Mdoe akawasha, visu vikazunguka, na majani hayakukatika. Yalipigwapigwa yakalala yamechubuka. Hiza akainama, akaona mara moja: visu vilikuwa vinatanguliza migongo badala ya makali.

"Inazunguka kinyume!" akasema, na watu wakaanza kumzomea. "Ngojeni, msizomee. Si kitu. Makali nayo yatageuzwa."

Akafungua nati kubwa ya katikati inayoshika chuma cha visu. Pini ya kuizuia ilikuwa na kutu, ikakatika mkononi mwake. Akageuza visu, akaikaza nati kwa nguvu zake zote, na mahali pa pini akapitisha waya wa kufungia. Trekta ikawashwa tena. Safari hii majani yalikatika kama nywele kwa wembe. Vigelegele vikapigwa. Mdoe, juu ya kiti chake, alikuwa na uso wa mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Ndipo Mama Tabitha aliposogea, nyusi zake nyeupe kwa unga.

"Hiza mwanangu, hiki chombo chako, kinazungukia wapi?"

"Kinazungukia kwenye majani, mama. Au ulitaka kizungukie kwenye debe lako la mahindi?"

Watu wakacheka. Mama Tabitha hakucheka, wala hakukasirika.

"Nauliza kwa kuwa siku moja mzee wangu alifunga mkanda wa mashine akaupinda, nayo ikazunguka kinyume. Siku mbili ilisaga vizuri tu. Siku ya tatu nati ikatoka yenyewe, ikatoboa bati."

"Mashine ya kusaga ni ya kusaga, mama, na trekta ni trekta. Nati hii nimeikaza mimi."

"Sawa, fundi. Nimeuliza tu."

"Mwacheni mama arudi kwenye pumba zake!" mtu mmoja akapaza sauti, na uwanja ukacheka tena.

Jioni Hiza aliweka spana kwenye ile nati. Swali la yule mama lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Nati haikusogea hata kidogo. Akajiambia, imekaza. Alichosahau ni kwamba nati iliyotulia, mashine ikiwa imezimwa, haina cha kumwambia mtu. Alikuwa amechoka, na sifa za mchana zilikuwa bado tamu. Akafunga karakana akaenda kula.

Kwa Mzee Yoeli nako palikuwa na maneno. Mkewe alimwambia, "Baba Tabitha, safari hii usitangulie. Waache wenyewe na chombo chao."

"Miaka kumi na tisa nimetangulia, leo niogope nini? Tena sasa Mdoe ataona mwenyewe. Mimi ni kengele tu."

"Visu viko mbele sasa."

"Na mimi niko mbele ya visu hatua thelathini. Nipe uji, mke wangu."

Akampa uji. Mzee akaenda.

Siku ya kwanza walifungua maili mbili, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Siku ya pili mbili tena. Hiza alitembea kando, akimtazama kaka yake anavyoendesha huku ameegemea, bila kuibana mikono yake kwenye usukani kama zamani. Akamshukuru Mungu moyoni. Siku ya tatu ilibaki maili moja. Mzee Yoeli alikuwa mbele, kengele yake inalia, na katikati ya kengele na kengele aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo.

Walipofika karibu na majengo ya kampuni, mlio wa fyekeo ulibadilika. Hiza aliusikia: kama kikombe cha bati kinachogongwa na kijiko. Akainua mkono. "Zima, kaka! Zima!" Mdoe alikanyaga klachi. Lakini visu vilikuwa vimekwisha kuachiwa. Chuma chao kilianguka, kisu kimoja kikajichimbia ardhini. Cha pili kilivunjika, kikatoka kwa ule mdomo unaotazama mbele, kikapita juu ya majani kama panga lililorushwa, na kengele ikanyamaza.

Sitawaeleza alivyokuwa. Kilimpata mapajani, na damu haikuzuilika kwa shati la Hiza wala la Mdoe. Waling'oa mlango kwenye jengo la kampuni, wakamlaza juu yake, wakambeba kwenda zahanati kwa sehemu ya ile maili moja iliyokuwa haijafyekwa. Majani yaliwapiga usoni, Mdoe akichechemea, Hiza akikanyaga reli na kuanguka na kuinuka. Mzee Yoeli aliuliza mara moja tu, "Bado mbali?" Hiza akamjibu, "Tumefika, baba." Walikuwa hawajafika. Walipofika alikuwa ameshakata roho.

Polisi walikuja, wakapima, wakaandika kuwa ni ajali. Hiza alirudi peke yake pale porini akapekua majani kwa magoti mpaka akaiona nati. Alitegemea kuiona imepasuka. Haikupasuka. Meno yake yalikuwa mazima, yanang'aa. Ule waya ulikuwa umekatika vipande viwili. Akajipenyeza chini ya fyekeo, akairudisha nati mahali pake, na ikaingia kwa vidole. Akaizungusha upande ule ambao majani yalikuwa yakivisukuma visu siku zile tatu, nayo ikalegea, ikalegea, ikamwangukia kiganjani. Zamani, fyekeo likiwa nyuma, kila mzunguko uliikaza. Mbele, kila mzunguko uliifungua. Mkono wake ulikuwa na nguvu za mtu mmoja, nayo trekta ilikuwa imefungua siku tatu.

Baada ya maziko, Hiza alikwenda matangani. Alivua viatu mlangoni akaingia. Mama Tabitha alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, na wakubwa wa kijiji walikuwa wakimpa pole.

"Ni mapenzi ya Mungu, mama," mwenyekiti wa kijiji alikuwa akisema. "Siku ya mtu ikifika haina kona."

"Na mimi nasema kuna jicho la mtu," akasema wifi yake. "Kazi nzuri kama ile haikosi mwenye husuda."

Mama Tabitha akainua uso. "Mungu nitamlilia, maana ndiye aliyenipa Yoeli. Lakini msimtwishe nati, jamani. Na husuda msinitajie humu ndani."

Hapo ndipo walipomwona Hiza. Mwenyekiti akamsogezea kigoda, hakukikalia. Alipiga magoti ukingoni mwa mkeka.

"Mama, nimekuja kukujibu."

"Kunijibu nini?"

"Uliniuliza uwanjani, nikakufanyia mzaha." Akaiweka nati juu ya mkeka. "Niulize tena."

Walioshika vikombe wakavishusha. Mama Tabitha aliitazama ile nati.

"Kilikuwa kinazungukia wapi, Hiza?"

"Kinyume, mama. Upande wa kuifungua nati. Na nilijua kinakwenda kinyume, niliviona visu. Nikageuza visu. Nati sikuiuliza."

"Na mtu, ulimuuliza?"

"Mtu gani, mama?"

"Anayetangulia. Fyekeo lilipokuwa nyuma, mbele palikuwa salama. Ulipolileta mbele, mume wangu ulimweka wapi?"

Akilini Hiza alimwona kaka yake ameegemea kwenye kiti cha trekta, mikono yake imelegea, barabara nyeupe mbele yake. Alikuwa amelihamisha jambo zima kwa ajili ya mtu mmoja, na mwingine akamwacha amesimama pale pale alipokuwa siku zote.

"Sitakulaani," Mama Tabitha akasema. "Kusamehe sina leo. Nitamwomba Mungu anipe, akinipa nitakuita. Ila neno moja ulichukue, ukawaambie na mafundi wenzako: cha nyuma ukikileta mbele, kwanza uliza kinazungukia wapi."

Hiza akanyoosha mkono kuichukua nati. Mama Tabitha akaifunika kwa kiganja chake.

"Hii inabaki."

Akaurudisha mkono. Akainuka, akavipita viatu vyake pale mlangoni kama si vyake, akatoka.