Ukingo wa Mgonja

Mgonja alikuwa na shamba la mahindi kwenye mteremko wa mlima, na shamba hilo liliishi kwa maji ya mfereji ambao hakuuchimba yeye. Mfereji ulikuwa wa Kalaghe. Ndiye aliyeyafuata maji juu kwenye chemchemi, akayapasulia njia katika mwamba, akayashusha hadi kwenye mashamba ya watu wote. Wala hakumtoza mtu chochote. Alitaka mambo mawili tu: kila mtu atunze ukingo unaopita shambani kwake bila kupanda kitu juu yake, na pembe ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ikilia, kila mtu atoke na jembe.

Sasa, ukingo wa mfereji una udongo mweusi, wenye unyevu mwaka mzima, na magimbi hupenda udongo wa namna hiyo kuliko kitu chochote. Mgonja aliutazama ule udongo siku nyingi. Mwishowe akapanda mistari miwili, akajiambia mistari miwili si dhambi. Magimbi yakastawi, akayang'oa, na kila alipong'oa shina ukingo ulibaki na tundu. Maji yakaanza kuvuja.

Angeweza kusema. Badala yake alikata vigogo vya migomba, akavilaza kwenye matundu, akavifukia kwa udongo na kupanga majani juu yake vizuri. Kwa macho, ukingo wake ulikuwa mzuri kuliko wa jirani yeyote. Lakini kigogo cha mgomba huoza upesi, ninyi wakulima mnajua. Kila kilipooza alilaza kingine juu yake. Nakijwa, mjane mwenye shamba chini ya lake, alimsimamisha njiani wakati mahindi yakitoa mbelewele. "Baba Eliamini, maji yamepungua, au ni macho yangu?" Mgonja akamjibu kwamba huenda ni jua la mwaka huu, kisha akamwuliza habari za wajukuu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Asubuhi moja ukingo wote ulibomoka, maji yakaenda zake korongoni, na mashamba yote ya chini yakabaki makavu. Pembe ikalia. Watu wakatoka na majembe, ila Mgonja alijifunika blanketi na kumtuma mkewe aseme anaumwa. "Nenda ukaugue mbele yao," mkewe alisema, kisha akachukua jembe lake akaondoka.

Msimcheke, maana hapo ndipo wengi wetu tunapolala. Mgonja hakuwa mtu asiyejali. Aliona aibu kweli. Alikuwa amekwisha kupanga moyoni: watu wakitawanyika angetoka peke yake, ajenge ukingo upya kwa mawe, auimarishe, na siku atakayosimama tena mbele ya Kalaghe asimame kama mtu safi. Huku akipanga hayo, mahindi ya Nakijwa yalikuwa yakinyauka.

Kule mferejini kazi haikwenda. Watu walijaza udongo, ukateleza. Wakajaza tena, ukateleza tena, maana chini yake mlikuwa na migomba iliyooza, na hawakujua imeanzia wapi wala imeshuka kina gani. Basi Kalaghe alipanda hadi nyumbani kwa Mgonja, tope likiwa limemfika magotini, na mkononi ana shina la gimbi alilolikuta ukingoni. Mgonja alipoliona aliinuka kitandani, akaanza kusema kwamba hastahili, kwamba apewe muda kwanza ajirekebishe. Kalaghe hakumwacha amalize.

"Najua ni wewe, magimbi hayajipandi yenyewe. Lakini anayejua migomba imelala wapi ni wewe peke yako, kwa hiyo chukua jembe twende."

Akaenda. Alipofika, watu wakampisha. Akaingia kwenye tope hadi kiunoni, akaanza kuvitoa vile vigogo kimoja kimoja, vikinuka, mbele ya watu wote. Kufika cha nne akageuka akamwambia Nakijwa kwamba halikuwa jua, ni yeye. Mjane yule alikuwa amekasirika, na haki alikuwa nayo. Akamwambia, "Toa migomba kwanza, kukutukana nitakutukana jioni." Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, na Mgonja akajikuta akicheka na kulia pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu masika alivuta pumzi ikafika chini kabisa.

Ndipo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mzee wa kanisa mwenye shamba la juu, mtu wa kuheshimiwa sana, aliweka jembe chini na kusema kwamba hata kwake ipo migomba miwili. Mwingine akasema kwake ipo mitatu. Kabla jua halijazama, kingo saba zilikuwa zimefukuliwa na kushindiliwa upya, na maji yakafika shambani kwa Nakijwa yakiwa yamejaa mfereji. Naye alitimiza ahadi yake, akamtukana Mgonja vilivyo, kisha akampa maji ya kunawa.

Sitawadanganya kwamba Mgonja aligeuka malaika. Mwaka uliofuata alionekana tena akiutazama ule udongo mweusi, na kwenye msaragambo mmoja alichelewa. Lakini ukingo wake ulipoanza kuvuja, alipaza sauti mwenyewe hata kabla maji hayajalowesha njia: "Jamani, kwangu panavuja!" Na watu walikuja.

Ndugu zangu mnaosema mtamfuata Bwana mkishatengemaa, niambieni: kama Kalaghe angeyaleta maji yale kwa wenye kingo zisizovuja peke yao, yangefika shambani kwa nani?