Mche wa Mtapo wa Bibi Mejumaa

Hapo zamani, na nyamazeni kwanza, maana kesi hii siirudii, kulikuwa na bibi wa Kidigo, Mejumaa jina lake, mwenye mtapo mmoja uani. Mtapo mnaujua: makuti kama ya mnazi, shina kama la mnazi, ila katikati hutoa kichwa cha magamba mfano wa nanasi kubwa. Aliupanda marehemu mama yake. Kila ukizaa, mbegu zake hazioti.

Wanawe wakachoka. "Mama, mnazi gani huu, hauna nazi wala mche? Tunaukata, tupande mnazi wa kweli."

Mejumaa akalia. Hakuwa na kitu kingine kilichotoka mkononi mwa mama yake.

Akaja Chidzuga mgema, mtu wa kujisifu huyo, akauchanja kwa kisu. Halikutoka tembo, ulitoka ute mzito. Akawaambia wale wana, "Huu si mnazi, si mkindu, si mvumo. Hiyo yote hutoa maua, na huu hauna ua hata moja. Mbona mnaudai nazi, na wala si wa ukoo huo?"

Wana wakaona haya. "Sawa, tunaupa muda. Lakini usipootesha mche, tutaukata."

Akaja Nyamvula, mwokota kuni. "Bibi, kule mlimani upo mwenzake, ila kichwa chake chembamba, kinamwaga unga wa njano. Wako ni mke, yule ni mume." Akapanda mlima na jua lote lile, akarudi na kichwa cha mume ndani ya kanga, fukusi wakimtambaa shingoni. Unga wote akaukung'utia kwenye kichwa cha mke.

Mbegu zikaiva, zikafukiwa. Mvua ikaja, ikapita, hakuna iliyoota. Wana wakazifukua, wakazitupa jalalani, wakapanga siku ya kuukata mtapo. Dzame, mkaza mwana wa Mejumaa, akaziokota, akazifukia mchangani nyuma ya jiko, akawa anazinyunyizia maji. Mumewe akamcheka, "Mke wangu, unaotesha kokoto?" Dzame akazidi kuzinyunyizia.

Siku ya kukata ikafika. Dzame akamshika mumewe mkono, shoka begani, akampeleka nyuma ya jiko. Mbegu moja, moja tu, ilikuwa imetoa jani.

Shoka likarudishwa ndani. Mejumaa akacheka mpaka machozi, akautia mche kwenye kifuu. "Mimi nimezeeka, sitauona ukizaa. Aliyenipa mche huu auchukue, uwe wake na wajukuu zake."

Chidzuga akasema, "Ni wangu. Bila mimi, mtapo ungekuwa kuni zamani."

Nyamvula akasema, "Ungebaki umesimama bure, kaka. Mume nilimleta mimi."

Dzame akasema, "Na mbegu zilipokuwa jalalani, nyote mlikuwa wapi?"

Mejumaa akawatazama wote watatu. Mche haugawiki, na mizizi yake inataka udongo leo. Haya, mnaangaliana nini? Bibi anangoja, kifuu mkononi. Je, nani alistahili: aliyeujua mti, aliyeutafutia mume, au aliyeisubiri mbegu?