Swala Katika Mvua

Zamani, katika mji wa Marjani uliozungukwa na misitu saba, alitawala Sultani Hilali bin Mundhir, na habari zake ni nyingi, ila mimi nitasimulia hii moja tu, kwa sababu kila nikiikumbuka moyo wangu hudunda.

Sultani huyo alikuwa na mwana mmoja, jina lake Nasri, kijana wa miaka ishirini, mwenye uso mzuri na subira ndogo. Na mwaka ule masika yalishuka siku arobaini bila kupumzika, na Nasri akachoka kukaa ndani, na siku ya arobaini na moja akachukua upinde wake na podo lake lenye mishale ya manyoya ya kijani, akashuka uani kwenda kuwinda.

Mlangoni akakutana na Mzee Sudi, fundi wa pinde wa Sultani, naye akamshika mkono.

"Bwana wangu, leo usiende."

"Kwa nini nisiende? Mvua inaficha mlio wa miguu yangu. Swala hatanisikia mpaka nimfikie."

"Kweli hatakusikia. Lakini swala akipigwa mshale haanguki pale pale, hukimbia, na mwindaji hufuata matone ya damu. Leo matone yatafutwa kabla hujapiga hatua tatu, na mnyama atakwenda kuteseka kichakani peke yake."

Nasri akacheka. "Mzee Sudi, unaogopa maji kama paka!" Akatoka.

Na mambo yakawa vile vile. Alimwona swala mweupe kama maziwa, akampiga begani, na swala akakimbia, na mvua ikafuta damu yote. Nasri hakuhangaika kumtafuta. Alisema, "Wako wengi," akageuka kurudi mjini. Na kabla hajafika langoni, vidole vya mkono wake wa kulia, ule uliovuta mshale, vikawa jiwe! Kisha kiganja, kisha mkono mzima mpaka kiwikoni, jiwe baridi la kijivu.

Waganga wakaja na kwenda, na hakuna aliyejua la kufanya. Ndipo hondohondo mkubwa akatua dirishani mwa baraza, na mbele ya watu wote akafunua mdomo wake mwekundu, akasema kwa sauti ya mwanadamu:

"Enyi watu wa Marjani! Dawa ya mkono ni swala mvuani! Swala mvuani!"

Akaruka, akatoweka mawinguni.

Sultani akaamuru wawindaji mia waingie msituni siku ile ile wamlete swala. Nao wakaingia, na kamba za pinde zao, zilizosokotwa kwa kano za wanyama, zikalowa na kulegea, na mishale ikaenda upande. Wakajeruhi swala kumi na wawili, wasimpate hata mmoja. Na kila mnyama alipojeruhiwa, jiwe lilipanda mwilini mwa Nasri, likapita bega, likagusa mbavu.

"Ni pinde za Sudi," akasema Waziri Jabu. "Ametutengenezea vitu vya kuchezea watoto."

Sultani, kwa uchungu wa mwanawe, akaamuru Sudi afungwe. "Magharibi ikiingia na mwanangu hajapona," akasema, "na wewe hutaiona asubuhi."

Basi Mzee Sudi alikuwa na binti wa miaka kumi na saba, aitwaye Raya, aliyelelewa katikati ya pinde, na aliposikia hukumu hiyo alikwenda mbio mpaka mbele ya kiti cha Sultani, maji yakimchuruzika.

"Bwana wetu, nipe ruhusa. Nitakuletea swala, nawe unipe baba yangu."

Waziri Jabu akashika tumbo kwa kicheko. "Msichana akawinde? Labda akawinde kuku wa jikoni!"

"Kuku nimewaona tayari, bwana waziri," akajibu Raya. "Mia nzima wamerudi kutoka msituni, wamelowa."

Baraza zima likacheka, na hata Sultani midomo ikamcheza. "Nenda," akasema. "Lakini jua halikungoji."

Raya akachukua upinde, akaukunja uzi wake, akauficha katika nywele zake chini ya ushungi ili usilowe, akaingia msituni. Akapenya vichaka na kuvuka vijito vilivyofurika, akitazama nyayo, na alasiri ilipokuwa inakaribia akafika penye uwazi, na pale, hatua ishirini mbele yake, alisimama swala mweupe!

Moyo ulimpiga mpaka masikioni. Akatoa uzi mkavu, akaufunga kwenye upinde, akapachika mshale, akavuta. Mnyama hakukimbia. "Bismillahi" ilikuwa ulimini tayari, mara Raya akaona begani mwa yule swala kipande cha mshale kilichovunjika, na manyoya yake ni ya kijani.

"Ni wewe," akanong'ona.

Akaulegeza upinde. Lakini akilini akamwona baba yake amefungwa, akauvuta tena. Ndipo swala akainamisha kichwa, akaanza kuchora matopeni kwa ukwato, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, na Raya akaona kwamba yale ni maandishi ya Kiarabu. Na mvua ilikuwa ikiyafuta!

Sasa ilimbidi achague. Kamba ile ilikuwa na nguvu ya mshale mmoja kabla haijalowa. Akimpiga swala sasa, atampata. Akisoma kwanza, hatakuwa na upinde.

Raya akautupa upinde mvuani. Akavua ushungi wake, akapiga magoti, akautandaza juu ya yale maandishi kama paa, akaingiza kichwa chini yake. Chuoni alifika juzuu ya tatu tu, kisha mama yake akafariki naye akatolewa ili apike na kusokota kamba, na herufi zilikuwa zimeanza kumtoroka. Akazifuata kwa kidole.

"Swadi... lamu... alifu... na te ya duara."

Akarudia. Akarudia mara ya tatu. Kisha akapiga ukelele uliowarusha ndege mitini, kwa sababu jina la mnyama lingeandikwa kwa wau, na hapa wau haikuwapo! Hii ilikuwa swala ya kuswali!

Akatimua mbio. Alianguka mara mbili, akapoteza kiatu, na jua lilikuwa limeshika vilele vya miti alipoingia barazani, kichwa wazi, matope mpaka kifuani. Nasri alikuwa amelazwa, na jiwe limebakiza upana wa vidole viwili kuufikia moyo.

"Swala yuko wapi?" akauliza Waziri Jabu.

"Si yuko, bwana waziri. Uliza iko wapi!" Raya akamgeukia Nasri. "Inuka, bwana wangu. Ulimjeruhi kiumbe ukamwacha. Toka mvuani, uswali rakaa mbili, umwombe Mungu msamaha."

Nasri akamtazama msichana yule, machozi yakamtoka.

"Nilisema wako wengi," akasema kwa sauti ndogo. "Nisaidieni kusimama."

Wakamtoa uani. Akaelekea kibla, akainua mkono mmoja tu, kwa kuwa wa pili haukuinuka, na mvua ikampiga usoni. Na katika sijida ya mwisho, alipokuwa akilia na kusema, "Ee Mola, mponye niliyemjeruhi," jiwe likapasuka likaanguka vipande vipande, na mkono ukatokea, mwekundu na wenye uhai kama wa mtoto mchanga! Watu wakapiga takbira, na Sultani akasahau usultani wake akarukaruka matopeni.

Mara lango likafunguka lenyewe, akaingia bibi mwenye mavazi meupe, na hondohondo begani mwake, na mkononi ameshika mshale wa manyoya ya kijani.

"Mimi ni Durra, binti wa mfalme wa majini wa misitu saba," akasema. "Mshale huu ulinifunga katika umbo la mnyama na kuniziba kinywa. Mtumishi wangu aliruhusiwa kusema mara moja tu, nanyi mkasikia nyama badala ya ibada."

"Tusamehe, bibi," akasema Sultani.

"Aliyenijeruhi ameniombea, nami nimepona." Akampa Raya kijaluba cha fedha kilichojaa lulu, akatoweka pamoja na ndege wake.

Mzee Sudi akafunguliwa papo hapo, na Sultani akamwomba radhi mbele ya watu. Na baada ya mwezi mmoja Nasri akaja kwa miguu mpaka kibandani kwa fundi wa pinde, akaketi chini, akamposa Raya.

"Mwulize mwenyewe," akasema Mzee Sudi. "Ana mdomo, nadhani mmeusikia."

"Mahari yangu ni mwalimu," akasema Raya. "Nisome chuoni mpaka nihitimu, na chuo hicho kiwe wazi kwa kila msichana wa Marjani, na asitolewe hata mmoja kabla ya kumaliza."

Sultani alipoletewa habari hiyo akaguna. "Huyu akisoma yote, si atatutawala?"

"Baba," akasema Nasri, "kwa herufi nne tu amenirudishia uhai. Mwache afike mwisho."

Wakaoana kwa ngoma za siku saba, na Raya akasoma hadi akahitimu, na wasichana mia na zaidi wakahitimu nyuma yake. Na katika mji ule pinde hutundikwa ukutani siku za mvua, na mtu akiletewa neno asilolielewa, huuliza kwanza linaandikwaje. Basi nanyi mliosikia, msivute kamba kabla ya kujua mnamlenga nani, na binti akiwa ameshika kitabu, tafadhalini, mwacheni akimalize.